Kwa nini radio ya motokari ya Japani haishiki 105.2

Panda taxi yoyote hapa Goma, umwombe shofere akufungulie habari za saa saba. Wengi watakujibu kwamba radio ni nzima, ila haishiki. Inacheza muziki wa simu, inacheza CD, lakini stesheni za mji hakuna. Tazama namba kwenye kioo chake: zinaanza 76 na kuishia 90. Radio hiyo haijaharibika. Ilitengenezwa isikilize hewa ya nchi nyingine, na sisi tumeirithi pamoja na motokari.

Sehemu kubwa ya dunia, Kongo ikiwemo, imepanga radio za FM kati ya 87.5 na 108. Japani ilipanga zake kati ya 76 na 90. Juu ya 90 Wajapani waliweka chaneli za kwanza za televisheni, na kwa miaka mingi sehemu hiyo ilikuwa imejaa. Televisheni hiyo ya zamani ilizimwa 2011, na tangu 2014 stesheni zao zimeruhusiwa kupanda hadi 95. Lakini Toyota na Nissan nyingi zinazotufikia zilitoka kiwandani kabla ya hapo, na hata zile za baadaye zikifika 95 bado hazijafika 105.2, namba ya Radio Okapi hapa Goma.

Magari haya hushuka melini Mombasa au Dar es Salaam, yakapita Uganda au Rwanda mpaka kwetu. Wakenya, Watanzania na Waganda wana shida ileile ya radio, ila wao angalau huendesha upande wa kushoto kama Wajapani. Sisi tunaendesha kulia, na usukani wa kulia tumeuzoea. Radio isiyoshika nayo tumeizoea, na hapo ndipo ninapoona hatari, kwa mji kama huu.

Wa kwanza kuuza radio ya motokari kwa wingi walikuwa ndugu wawili wa Chicago, Paul na Joseph Galvin, mwaka 1930. Kuifunga ilikuwa kazi ngumu: matundu yalitobolewa, batri za ziada zikawekwa chini, na kila plagi ya injini ilitia kelele ndani ya spika. Bei ilipita dola 100, wakati watu wengi hawakuwa na kazi. Waliiita Motorola, na jina hilo baadaye likawa la kampuni nzima. Huko Ujerumani, Blaupunkt ilitoa ya kwake 1932, na 1952 ikatoa ya kwanza ya FM. Kaseti ya Philips ilikuja 1963. Pioneer ikaleta CD ndani ya gari 1984. Hayo mengine ni mambo ya muziki.

Kwa Kongo, jambo kubwa lilikuwa umbali. Radio Congo Belge ilipoanza Léopoldville mwaka 1940, sauti ya kutoka huko isingefika Kivu kwa FM, maana FM huenda kama macho yanavyoona: ikikutana na mlima, basi. Masafa mafupi huruka mbali sana, ndiyo maana nchi yenye zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3 iliyategemea kwa miongo mingi. Wazee wanaokumbuka La Voix du Zaïre wanaikumbuka na mvumo wake, inapanda na kushuka kama mawimbi ya ziwa.

FM za mikoani zilipata nafasi baada ya Mobutu kutangaza vyama vingi mwezi wa nne 1990. Kisha vita vikazifanya kuwa kitu cha lazima. Mwaka 1994 wakimbizi walipojaa Kivu, Radio Agatashya ilianzishwa Bukavu kwa ajili yao na kwa ajili ya wenyeji. Agatashya ni mbayuwayu kwa Kinyarwanda. Vita vilipofika Bukavu 1996, ikanyamaza. Lakini waandishi wa Uswisi waliounda shirika la Fondation Hirondelle walibaki na jina hilohilo la ndege, kwa Kifaransa, na ni shirika hilo, pamoja na MONUC, lililofungua Radio Okapi tarehe 25 Februari 2002. Goma wakati huo ilikuwa bado inafuka: Nyiragongo ulikuwa umelipuka tarehe 17 Januari, wiki tano tu kabla. Okapi ilizungumza Kifaransa, Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo, na kila mji ulipewa namba yake. Kinshasa 103.5, Goma 105.2, Bukavu 95.3.

Sasa fikirieni alfajiri ya tarehe 27 Mei 2021. Mlima ulikuwa umelipuka siku tano kabla, ardhi inatetemeka kila saa, na gavana wa kijeshi akatoa amri mitaa 10 kati ya 18 ya Goma iondoke. Watu wakaenda Sake, wengine Minova, wengine wakapanda boti za Bukavu. Barabara ya Sake ikajaa magari, na ndani ya mengi kulikuwa na radio isiyopanda juu ya 90. Mwisho wa Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini, umeme na maji vilikatika, simu zikaisha chaji. Batri ya motokari ilikuwa umeme pekee uliobaki katika parseli nyingi. Wenye radio inayoshika walifungua mlango na majirani wakasogea.

Mafundi wana njia mbili.

Ya kwanza ni kuiacha radio ya Japani mahali pake na kuongeza kisanduku kidogo kati yake na antena. Kisanduku hupokea stesheni na kuishusha kwa kiasi kimoja kisichobadilika: 14, 16, 18 au 20, kutegemea umenunua kipi. Ni kitu rahisi, lakini wauzaji hawaelezi hesabu yake, na hesabu ndiyo kila kitu. Chukua cha 20. Radio ya 76 hadi 90 sasa inasikia 96 hadi 110. Goma utaipata vizuri: 105.2 itaonekana kwenye kioo kama 85.2. Lakini ukikimbilia Bukavu, 95.3 inaangukia 75.3, nje kidogo tu ya mlango. Chukua cha 14: unasikia 90 hadi 104, Bukavu unaipata, Goma unaikosa. Cha 16 kinafungua 92 hadi 106, na humo miji yote miwili imo: Goma itakuwa 89.2, Bukavu 79.3. Cha 18 nacho kinafaa, Goma ikiwa 87.2 na Bukavu 77.3. Kwa familia ambayo maisha yake yanakwenda na kurudi kati ya Goma, Minova na Bukavu, hiyo si tofauti ndogo. Muulize fundi namba ya kisanduku kabla ya kulipa, na uandike karatasi ya namba mpya uibandike karibu na usukani. Usiku wa kukimbia hakuna mtu wa kufanya hesabu ya kutoa.

Njia ya pili ni kutoa radio yote na kuweka mpya ya 87.5 hadi 108. Tundu la kawaida lina upana wa milimita 180 na urefu wa 50, au mara mbili ya urefu huo, na Toyota nyingi zinahitaji fremu ya kuziba pengo pembeni. Waya wa manjano huenda kwenye batri moja kwa moja, mwekundu hufuata ufunguo, mweusi ni wa mwili wa gari. Fundi akiunganisha manjano na nyekundu pamoja, radio haizimiki na ufunguo, na asubuhi gari haliwaki. Akizibadilisha, radio itasahau stesheni kila unapozima. Kosa ninaloliona zaidi ni waya wa bluu. Magari mengi ya Japani yana antena ndani ya kioo na kikuza sauti kidogo kinachohitaji umeme wake. Bluu ndiyo inayokilisha. Ikiachwa inaning'inia, radio mpya ya bei kubwa itashika vibaya kuliko ile ya zamani, na mwenye gari atalaumu duka.

Mimi ningechagua kisanduku kwa gari lenye radio ya kiwandani iliyo nzima. Radio hizo hushika vizuri kuliko nyingi za skrini kubwa za bei nafuu zinazouzwa sokoni, ambazo zina kila kitu isipokuwa masikio.

Jambo la mwisho linawahusu hasa waliohama. Batri ya gari hutolewa ili kuchaji simu, au ili isiibwe. Radio nyingi za Toyota za Japani zenye ramani, zikikosa umeme mara moja tu, hujifunga. Zikirudishiwa batri huomba kadi ya ramani kwa Kijapani, au namba ya siri ambayo mwenye gari wa kwanza aliondoka nayo huko kwao. Hapo kisanduku hakisaidii tena. Kwa hiyo, kama lazima batri itoke, usichomoe kiunganishi cha nyuma ya radio; kabla batri kubwa haijatolewa, mpe fundi batri ndogo ya volti 12, kama ya pikipiki, aifunge kwenye waya wa radio unaotoka kwenye batri moja kwa moja na ule wa mwili wa gari, ikae hapo mpaka batri kubwa irudi. Na ile kadi ndogo iliyo ndani ya radio, hata kama ramani yake ni ya Tokyo, msiitupe.