Mizinga ya Manowari Königsberg na Utumishi Wake Nchi Kavu

Habari za manowari ya Kijerumani Königsberg aghalabu huandikwa kana kwamba ni za baharini tu. Iliingia Dar es Salaam Juni 1914. Tarehe 20 Septemba mwaka huo iliishambulia manowari ya Waingereza, Pegasus, bandarini Unguja, ikazama; kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Ilizingirwa humo hadi tarehe 11 Julai 1915, ilipopigwa na Severn na Mersey, vyombo vilivyoweza kupita penye maji machache. Nahodha wake, Max Looff, akaamuru ilipuliwe.

Kwa hesabu ya mabaharia, utumishi wake ulikoma hapo. Kwa hesabu ya watu wa bara, ndipo ulipoanza. Mizinga yake 10 ya sentimita 10.5 iliopolewa mtoni, ikatiwa magurudumu, ikagawanywa. Mmoja ulifungwa katika meli Goetzen ziwani Tanganyika (meli hiyo baadaye ikaitwa Liemba). Mingine ilifuatana na majeshi ya Lettow-Vorbeck hadi mwaka 1917. Lakini mzinga wa manowari haukuundwa upite porini. Uliburutwa kwa kamba, na walioshika kamba hizo ni wapagazi, ambao majina yao hayakutunzwa kama lilivyotunzwa la Looff. Wala haikuwa kazi ngeni: meli ilipokuwa ingali Rufiji, sehemu za boila zake zilikokotwa hadi Dar es Salaam kutengenezwa, zikarudishwa.

Waingereza nao walikuwa na wapagazi wao, Carrier Corps, waliouawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Hao angalau lugha imewahifadhi: ndiyo asili ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi.

Miongoni mwa askari wa King's African Rifles waliopigana na Wajerumani hao walikuwamo Wanubi, ambao makao yao Nairobi, yaani Kibera, yalianza kabla ya vita. Yafaa ikumbukwe kwamba Wajerumani pia walikuwa wameandika askari wa Kisudani tangu mwaka 1889. Hivyo huenda watu wa asili moja walielekezeana bunduki kwa ajili ya wafalme wawili wa Ulaya.

Mzinga mmoja wa Königsberg ulichukuliwa kuwa nyara, ukawekwa Fort Jesus, Mombasa, utazamwe. Wanubi wa Kibera walingoja hati ya ardhi yao, ekari 288, hadi mwaka 2017.