Fahamu vita vya kumtetea mjane India enzi za ukoloni

Desemba 4, 1829, Gavana Mkuu wa Uingereza nchini India, William Bentinck, alipiga marufuku sati, desturi ya mjane kuchomwa akiwa hai kwenye moto uleule unaochoma maiti ya mumewe.

Mara nyingi sifa zote hupewa Bentinck. Ukweli ni kwamba Wahindi wenyewe walikuwa wakibishana kuhusu sati miaka mingi kabla ya sheria hiyo.

Ram Mohan Roy, msomi wa Bengal aliyejua Kisanskriti, Kiajemi na Kiarabu, alitoa kijitabu chake cha kwanza kupinga sati mwaka 1818. Alitumia maandiko ya Kihindu yenyewe, akisema yanamtaka mjane aishi kwa kujinyima, hayamlazimishi kufa. Hapo alicheza vizuri. Angewaambia watu dini yao ni mbaya, nani angemsikiliza?

Mwaka 1830 wapinzani wake waliunda chama, Dharma Sabha, wakakata rufaa hadi London. Ilitupwa mwaka 1832. Roy, aliyekuwa huko kutetea marufuku, alifariki Bristol mwaka uliofuata.

Kanusurika moto, halafu?

Katika familia nyingi za matabaka ya juu mjane alinyolewa nywele, akavuliwa mapambo na kuzuiwa kwenye sherehe kwa sababu alionekana nuksi. Wengine walikuwa watoto kabisa, maana waliozeshwa wadogo kwa wanaume wazima.

Ishwar Chandra Vidyasagar, mkuu wa Chuo cha Sanskrit mjini Kolkata, naye alirudi kwenye maandiko, akapata mstari unaoruhusu mjane kuolewa tena. Watu waliosaini kumpinga walikuwa wengi kuliko waliomuunga mkono, lakini sheria ikapita Julai 1856. Harusi kadhaa aligharamia mwenyewe mpaka akaingia kwenye madeni, na mwaka 1870 mwanawe wa kiume alioa mjane.

Tatizo lilikuwa ndani ya sheria yenyewe. Mjane aliyeolewa tena alipoteza haki kwenye mali ya marehemu mumewe. Baadhi ya mahakama zikaitumia hata kwa wajane wa matabaka ya chini, ambao mila zao ziliwaruhusu kuolewa tena tangu zamani. Yaani sheria ya kuwasaidia wajane ikawanyang'anya wengine mali.

Nyumba ya Pune

Jyotirao Phule na mkewe Savitribai hawakuwa watu wa tabaka la juu. Walikuwa wa tabaka la Mali, watu wa bustani. Mwaka 1848 walifungua shule ya wasichana mjini Pune. Savitribai alikuwa akirushiwa matope na kinyesi cha ng'ombe njiani, hivyo akabeba sari ya pili ya kubadilisha akifika darasani.

Mwaka 1863 walifungua nyumba ambako mjane mwenye mimba angejifungua kwa siri. Wengi wa wajane hawa walibakwa na ndugu wa mume, kisha aibu yote ikawaangukia wao. Wapo waliojiua au kuua vichanga. Wenzi hao hawakupata mtoto, wakamlea Yashwant, mtoto wa mjane wa tabaka la Brahmin.

Kufikia hapo vuguvugu lilikuwa kila upande. Mwaka 1875 Sayyid Ahmad Khan alianzisha shule ya Waislamu Aligarh, na Arya Samaj ya kuhimiza Wahindu warudi kwenye Veda ikazaliwa Bombay. Hii ya pili ndiyo iliyofika Nairobi mwaka 1903.

Si kila mpinga ukoloni alitaka mageuzi haya. Serikali ilipopandisha umri wa msichana kuingiliwa kutoka miaka 10 hadi 12, mwaka 1891, Bal Gangadhar Tilak aligoma, akisema wageni hawana ruhusa ya kuingilia mambo ya ndoa za Wahindu.

Jyotirao alifariki Novemba 1890. Ndugu walipinga Yashwant, mtoto wa kulea, kubeba chungu kinachotangulia maiti, kazi ya mtoto wa kiume. Savitribai, mjane wa siku hiyo, alikichukua chungu na kutembea mbele ya msafara.