Chemirocha (rekodi za Kipsigis, 1950)

Chemirocha ni jina la nyimbo tatu za Wakipsigis zilizorekodiwa mwaka 1950 na Hugh Tracey alipopita nchi ya chai ya Kericho, magharibi mwa Kenya. Rekodi hizo hutajwa kwa namba: Chemirocha I, II na III. Mhusika wa nyimbo zote ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye jina lake, likipita katika vinywa vya Wakipsigis, likawa Chemirocha. Rekodi ya tatu, iliyoimbwa Kapkatet na Chemutoi Ketienya akiitikiwa na wasichana wenzake, ndiyo iliyozunguka dunia. Mbili za kwanza ni za wanaume, na zimesikilizwa kwa uchache usiostahili.

Karatasi za Tracey zinataja wilaya ya Kericho tu, kwa kuwa wakati huo nchi yote ya Wakipsigis ilikuwa wilaya moja. Bomet ilikatwa kuwa wilaya yake mwaka 1992, kisha zote mbili zikawa kaunti mwaka 2013. Leo Kapkatet iko upande wa Kericho, kwenye barabara inayotoka Litein kwenda Sotik, na Merigi, kwa mfano, iko Bomet Mashariki. Mpaka huo haukugawanya lugha. Msikilizaji wa Merigi anasikia maneno ya wasichana wa Kapkatet kama anavyosikia ya jirani yake, na jambo hilo lina uzito mkubwa kila swali la rekodi ipi ni bora linapozuka.

Jimmie Rodgers alizaliwa mwaka 1897 katika jimbo la Mississippi, akafanya kazi ya breki kwenye treni za mizigo mpaka kifua kikuu kikamtoa relini. Alirekodi kwa mara ya kwanza mjini Bristol, Tennessee, tarehe 4 Agosti 1927, akafa New York tarehe 26 Mei 1933, siku mbili baada ya kurekodi kwa mara ya mwisho. Katika miaka hiyo michache aliacha nyimbo zaidi ya 100, akiimba kwa gitaa na kwa ile sauti inayoruka ghafla kutoka chini kwenda juu na kurudi. Nchini Uingereza santuri zake zilitolewa na Regal Zonophone, na meli zikazisambaza katika makoloni. Kusini mwa Afrika waimbaji weusi walikuwa wakiiga mruko wake wa sauti tangu mwanzo wa miaka ya 1930.

Kericho nayo ilikuwa na milango mingi ya kuingizia gramafoni. Makampuni makubwa ya chai yalianza kupanda huko katikati ya miaka ya 1920, walowezi wakajenga nyumba, wamisheni wakafungua vituo, na maduka ya Wahindi yakauza kila kitu. Simulizi iliyozoeleka husema ni wamisheni walioleta santuri ya Rodgers. Hata hivyo, jambo la hakika ni kwamba ilifika na ikasikilizwa sana. Mashine ya kuzungushwa kwa mkono ilitoa sauti ya mtu asiyeonekana, inayoruka kama swala, na vijana wakamtungia nyimbo mwenye sauti hiyo.

Tracey alizaliwa Devon, Uingereza, mwaka 1903, akaja Rhodesia ya Kusini mwaka 1921 kulima tumbaku. Kwa miaka mingi alizunguka akinasa muziki, na safari ya 1950 ilimpitisha Afrika Mashariki. Alikuwa na mazoea yanayosikika katika kila rekodi yake: jenereta aliiweka mbali kwa waya mrefu ili mngurumo usiingie, na maikrofoni aliishika kwa mkono, akiisogeza kwa mwimbaji, kisha kwa ala, kisha kwa waitikiaji. Kwenye kadi zake aliandika pia majina ya waimbaji, lugha, ala na jinsi nyuzi zilivyofungwa. Wengi waliorekodi Afrika katika zama zake waliandika jina la kabila tu, wakaishia hapo. Kwa sababu ya kadi hizo za Tracey tunaweza kumtaja Chemutoi Ketienya kwa jina lake, na wanaume wawili wa rekodi ya pili, Bekyibei arap Mosonick na Cherwo arap Korogem, kwa majina yao.

Ala iliyopigwa ni chepkong, ya jamii moja na nyatiti ya Waluo na obokano ya Wagusii, ila ni ndogo na ina nyuzi chache. Nyatiti ina nyuzi 8 na mpigaji wake hujaza nafasi yote kwa vidole na kwa pete ya mguuni. Chepkong hutoa mnyororo mfupi wa sauti unaorudiwa, mkavu kidogo masikioni, na kumwachia mwimbaji uwanja.

Mpenzi wa muziki wa Ulaya anayelinganisha rekodi za Simfonia ya Kwanza ya Dmitri Shostakovich, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Leningrad mwaka 1926, ana karatasi ya noti mbele yake. Viongozi wote wa okestra wamesoma karatasi hiyo hiyo, kwa hiyo hoja ni nani kaharakisha na nani kavuta. Kwa Chemirocha hakuna karatasi. Kinachounganisha rekodi tatu ni jina, ala na lugha, na kila mwimbaji ana haki ya mtunzi. Kwa hiyo kuuliza ni ipi iliyo karibu zaidi na Rodgers ni kuuliza vibaya. Muziki uliosikika Kapkatet ni wa Kipsigis. Cha Mmarekani kilichobaki ni jina na sifa.

Katika rekodi za wanaume chepkong inashika hatamu. Sauti ya mwimbaji iko karibu na usemi wa kawaida, na anayejua lugha atafuata maneno bila taabu. Hizi ni rekodi za baraza: mtu anasimulia, nyuzi zinamsindikiza. Msikilizaji wa mbali huzichoka upesi kwa kuwa utamu wake umo katika maneno. Kwa mtu wa Merigi au Sotik hali inageuka, na rekodi ya pili hasa inastahili kupewa nafasi ya mbele kuliko ile iliyoipata katika maandishi ya wageni.

Ya tatu haifikii dakika mbili. Chemutoi anaanza, wasichana wanaitika, na jina la Chemirocha linarudi juu ya nyuzi mpaka linakuwa wito. Sauti zao hazijanyooshwa na mwalimu wa kwaya. Zinaingiliana, nyingine ikitangulia kidogo, nyingine ikichelewa, na mwingiliano huo ndio unaozipa uhai. Kwa maelezo ya Tracey, wasichana wanamwona Chemirocha kama kiumbe nusu mtu nusu swala, nao wanamhimiza acheze ngoma ya kuruka ya Kipsigis kwa nguvu mpaka nguo zimtoke. Kisha wimbo unakatika huku sikio likitaka zaidi. Mwandishi wa makala haya anaiweka ya kwanza kati ya tatu, na anaiweka pia miongoni mwa rekodi bora kabisa zilizowahi kufanywa Kenya, kwa sababu furaha iliyomo ni ya watu wanaoimbiana wenyewe, na maikrofoni imekaribia bila kuivuruga. Wajuzi wa Kipsigis watakuwa na hukumu nyingine, na hukumu yao itakuwa na msingi imara zaidi.

Mwaka 1954 Tracey alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, ILAM, karibu na Johannesburg, ikatoa santuri zaidi ya 200 za mfululizo wa Sound of Africa. Baada ya kifo chake mwaka 1977 maktaba ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes, Grahamstown. Wanafunzi wa muziki wa Ulaya na Marekani walimjua Chemirocha kwa miongo mingi huku nyumbani kwa waimbaji hakuna aliyekuwa na nakala. Hali hiyo ilianza kurekebishwa katikati ya miaka ya 2010, ILAM iliposhirikiana na Tabu Osusa wa Ketebul Music ya Nairobi na mradi wa Singing Wells kurudisha rekodi Kericho na Bomet. Walikuta wazee waliokuwa vijana mwaka 1950, wakawachezea sauti za ujana wao.

Gitaa la Rodgers nalo lilipata njia yake. Miaka ya 1970 kampuni ya Chandarana, mjini Kericho, ilikuwa ikitoa santuri za benga, na Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et walikuwa wamelifanya gitaa kuwa ala ya Wakalenjin. Anayetaka kuzisikiliza Chemirocha tatu kwa haki aanze na za wanaume, amwombe mjuzi wa Kipsigis amfasirie, ndipo afike kwa Chemutoi. Akimaliza, aweke santuri ya Kipchamba, asikie jinsi vidole vyake vinavyorudia mnyororo mfupi wa nyuzi kama wapigaji wa chepkong walivyofanya.