MALKIA FATUMA, MTAWALA WA UNGUJA

Hapa ndipo lilipokuwa jumba la Malkia Fatuma, mwishoni mwa karne ya 17. Beit al-Ajaib iliyo mbele yako ilijengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883, juu ya kiwanja hichohicho.

Enzi yake
Fatuma alitawala Unguja kabla ya kisiwa kuwa chini ya Oman. Mumewe, Abdullah, alikuwa mfalme wa Utondwe, pwani ya bara karibu na Saadani, kaskazini ya Bagamoyo. Ndoa yao iliunganisha koo za kitawala za kisiwani na za mrima.

Vita na uhamisho
Mwaka 1696 Waomani waliizingira Ngome ya Yesu, Mombasa. Fatuma alishikamana na Wareno, akawapelekea chakula waliozingirwa. Ngome ilipotekwa mwaka 1698, alikamatwa akapelekwa Oman. Baada ya miaka kadhaa aliruhusiwa kurejea Unguja, na mwanawe Hassan akarithi enzi. Waomani walijenga Ngome Kongwe, jirani na hapa, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno.

Kwa nini tunapahifadhi
Wanawake walishika enzi katika pwani hii. Kabla ya Fatuma, Mwana Mwema alitawala Unguja katikati ya karne hiyohiyo. Wote wawili ni sehemu ya historia ya Mji Mkongwe, uliotangazwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kila mtoto wa pwani anastahili kuyajua majina yao.