Mtoto Safarini: Njia za Kutoka Ufipa

Leo tutazungumza habari za safari. Si safari za wafalme wala za majeshi, maana hizo zimekwisha andikwa sana. Nataka tumtazame abiria ambaye vitabu humsahau, naye ni mtoto mdogo. Je, zamani alitokaje Ufipa, na leo anatokaje?

Nchi yetu iko juu. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mashariki ukuta wa Lyamba lya Mfipa washuka hata bonde la Ziwa Rukwa, na magharibi nchi yateremka mpaka Ziwa Tanganyika. Basi wengi watokao huteremka ziwani, au hushika njia ya kusini iendayo Tunduma.

Hapo kale njia zote zilikuwa za miguu, na mtoto alisafiri mgongoni mwa mama yake. Mwaka 1873 watumishi wa Livingstone, wakiongozwa na Chuma na Susi, walipita Ufipa wakiuchukua mwili wa bwana wao. Walifika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Watu wengi hudhani msafara ule ulikuwa wa wanaume watupu. Sivyo. Walikuwamo wanawake, kama Halima na Ntaoeka, na msichana mmoja jina lake Losi. Huyo Losi alikuwa akitembea na mtungi wa maji kichwani, nyoka akamwuma, akafa katika dakika chache. Twamjua kwa sababu habari za safari ile ziliandikwa. Misafara mingine haikuandikwa, na watoto wake hatuwajui.

Baadaye zilikuja njia kubwa, lakini tazama zilipopita. Katika miaka ya 1880 Waingereza walianza kukata barabara ya kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, wakaiita kwa jina la Stevenson, tajiri wa Uskoti aliyetoa fedha. Ilipita kusini mwetu, wala haikumalizika. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilihitaji njia nyingine ya mafuta na shaba. Malori yakajaa katika barabara ya Dar es Salaam mpaka Tunduma, kisha ikatiwa lami, na reli ya TAZARA ikajengwa toka 1970 hata 1975. Kazi hizo zilikuwa kubwa na za haki. Walakini mimi naona, na mzee yeyote wa hapa atakubali, kwamba zote zilitupita pembeni. Mfipa mwenye mtoto mkononi ilimpasa kwanza aifikie hiyo njia kubwa.

Aifikie kwa chombo gani? Wako walioteremka Kasanga, mwendo wa kilomita zaidi ya 100, kuingoja meli ya Liemba, ile iliyojengwa na Wajerumani, ikazamishwa mwaka 1916, ikainuliwa na kurudi kazini mwaka 1927. Lakini wengi walipanda lori. Mkoa wa Rukwa ulikuwa mmoja wa mikoa minne iliyosifika kwa mahindi, na lori la mahindi ndilo lililokuwa basi la maskini. Mama alikaa juu ya magunia, mtoto amefungwa kwa kanga, na upepo wa Juni juu ya uwanda huu mnaujua wenyewe.

Hata mabasi yalipozoeleka, masika hayakumheshimu mtu. Nilipokuwa mtoto, basi letu lilikwama katika matope ng'ambo ya Laela, tukalala humo. Kina mama hawakungoja amri ya dereva. Waliwakusanya watoto wote katikati ya basi, wakatufunika kanga zao, wao wakakaa kandokando penye baridi. Usiku wa manane mmoja alishuka, akaenda na kibatari mpaka nyumba ya watu asiowajua, akarudi na uji. Mpaka leo sijui jina lake.

Mwaka 2008 Tanzania ilitia sahihi mkataba na Marekani katika mpango wa Changamoto za Milenia, na kwa fedha hizo njia ya Tunduma mpaka Sumbawanga, kilomita zipatazo 220, ilitiwa lami. Mwaka 2023 Serikali iliondoa zuio la mabasi kusafiri usiku, lililokuwako kwa miaka kama thelathini. Siku hizi watu wapanda basi kwenda Dar es Salaam, safari ya kilomita zaidi ya 1,100, bila kulazwa njiani.

Matope yamekwisha, lakini mwendo mkali umeingia, na hapa nataka utege sikio, hasa wewe mwenye motokaa. Bado twampakata mtoto kiti cha mbele, kama tulivyompakata juu ya magunia. Gari likienda kilomita 50 kwa saa likagonga kitu na kusimama ghafula, mtoto huendelea mbele kwa mwendo ule ule. Kishindo chake ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita 10. Hakuna mikono ya mama iwezayo kumzuia. Mkanda wa ncha tatu wa viti vya motokaa, uliobuniwa na Nils Bohlin wa Uswidi mwaka 1959, ulifanywa kwa kiwiliwili cha mtu mzima; mtoto mchanga huhitaji kiti chake mwenyewe, kifungwe kiti cha nyuma. Na usikubali afungwe pamoja nawe katika mkanda mmoja, maana uzito wako ndio utakaomponda.

Kabla ya somo la juma lijalo, kikundi chenu kimwulize mama mmoja mzee wa Kasense: safari yake ya kwanza akiwa na mtoto ilikuwa kwenda wapi, alipanda nini, na ni nani aliyempokea mtoto alipochoka? Andikeni majibu yake, pamoja na jina lake.