MWIMBAJI WA KAMPALA NA WALE WALIOINGIA MSITUNI



Muliovuka Kasindi kwenda Bwera na Kasese, kwa ndugu zetu Wakonzo, bila shaka mulisikia nyimbo za Bobi Wine. Jina lake ni Robert Kyagulanyi Ssentamu. Alizaliwa mwaka 1982, akakulia Kamwokya, mtaa wa maskini mjini Kampala. Aliimba mambo ya mtaa, na vijana wakamwita rais wao kabla hajashika cheo chochote. Juni 2017 alichaguliwa kuwa mbunge.

Sasa musikilize vizuri, maana habari hii inatugusa. Rais Museveni alishika utawala mwaka 1986 kwa vita ya msituni. Waganda wengine waliompinga wakaifuata njia ileile: ndio ADF, waliojificha katika milima yetu tangu miaka ya 1990. Yaliyotokea Beni tangu Oktoba 2014 sina haja ya kuwasimulia. Ninyi ndio mashahidi.

Mwimbaji hakushika bunduki, lakini damu ilimwagika. Agosti 2018, kule Arua, dereva wake Yasin Kawuma alipigwa risasi akafa. Novemba 2020 yeye alikamatwa Luuka katika kampeni. Vijana wakajaa barabarani, na kwa siku mbili watu wasiopungua 54 wakauawa, wengine wapita njia tu. Kiongozi anayeita umati aikumbuke hesabu hiyo.

Januari 2021 ilitangazwa kwamba amepata asilimia 35, Museveni 58. Alisema kura zimeibwa. Askari walizunguka nyumba yake siku 11. Alishtaki katika Korti Kuu, kisha akaondoa mashtaka kwa kutowaamini waamuzi. Hapo wengi wetu tungengoja neno moja tu: msitu. Hakulisema. Aliita maandamano yasiyo na silaha, na Januari 2026 akagombea tena, akatangazwa kushindwa.

Mutauliza: basi, amepata nini? Ni swali la haki. Mwaka 2021 chama chake, NUP, kilikuwa cha kwanza kati ya vyama vya upinzani bungeni. Ni kidogo, lakini hakuna kijiji kilichochomwa ili kukipata.

Nasi Desemba 2018, tuliponyimwa kura kwa sababu ya Ebola, wengine walivamia kituo cha wagonjwa pale Beni. Wengine, tarehe 30, walijitengenezea kura yao, wakapanga mistari mirefu, wakatia karatasi zao wakijua kwamba Kinshasa haitazihesabu.