Faragha Gusii: Kutoka chinsoni hadi Katiba

Miongoni mwa Abagusii wa Kisii na Nyamira, faragha haikuanza na sheria iliyoandikwa. Msingi wake ulikuwa chinsoni, yaani kanuni za haya na heshima zilizotenganisha wazazi na watoto wao.

Kwa mujibu wa kanuni hizo, mvulana aliyetahiriwa hakulala tena katika nyumba ya mamake, bali alihamia esaiga, nyumba ya vijana wa kiume. Naye baba hakuingia katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mzazi na mtoto hawakuzungumzia mambo ya unyumba, ilhali babu na nyanya walitaniana na wajukuu bila kizuizi. Faragha ilikuwa ya kizazi na ya nyumba, wala si ya mtu binafsi.

Serikali ya kikoloni, iliyofungua kituo Kisii mwaka wa 1907, ilileta desturi nyingine. Nyumba zilihesabiwa ili zitozwe kodi, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza wanaume walilazimishwa kubeba kipande chenye alama za vidole. Habari za mtu zikaanza kuhifadhiwa ofisini.

Baadaye ardhi ilipungua. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Mashamba yamegawanywa mara nyingi, na si kila boma lina nafasi ya esaiga. Kwa familia inayopanga chumba kimoja mjini, pazia ndilo hutenganisha wazazi na watoto.

Wakati huohuo, sheria imempa mtu binafsi haki ambayo mila haikumpa. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda mwili, makao, mali, habari za familia na mawasiliano ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hali ya afya kuwa habari nyeti.

Tofauti hiyo ina uzito. Chinsoni ilihifadhi heshima ya wazee, lakini ingeweza pia kumnyamazisha binti aliyedhulumiwa nyumbani. Sasa siri ni ya mwenyewe: anayo hiari ya kuieleza, na ikisambazwa kwa simu bila idhini yake, anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.